Saa ya Kompyuta ya Panikkar

Juni 4

Mvua imefika leo, wiki nzima kabla ya ile siku iliyotajwa redioni. Nimefurahi. Wengine hapa Pattambi wanavuna mpunga, mimi navuna unyevu. Kuanzia sasa hadi Onam, sikukuu ya mavuno, kila kompyuta kati ya daraja na kituo cha reli itapata mafua, na karibu zote zitaletwa kwangu. Yule fundi wa karibu na stendi ana dawa moja tu kwa magonjwa yote: anafuta kila kitu na kuanza upya. Mimi hufungua kifuniko kwanza nikatazama ndani.

Juni 5

Kibodi mbili zimejaa sisimizi. Printa moja imemeza kadi ya harusi.

Juni 9

Mwalimu wa sekondari kaja na kompyuta yake kaikumbatia, kaifunga na shuka. Inalia mara tatu halafu kioo kinabaki cheusi. Stendi walimwambia madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa. Nikachomoa kile kipande cha kumbukumbu, nikakisugua meno yake kwa kifutio cha mtoto wa shule, nikakirudisha. Ikawaka.

"Ni hivyo tu?" akauliza, kama mtu aliyeibiwa.

"Ni hivyo tu, mwalimu. Unyevu unashika pale kwenye meno. Ungependa nikuonyeshe jambo gumu zaidi ili uridhike?"

Prasanna wa duka la jirani, anayetoa fotokopi na kufunika vyeti kwa plastiki, alicheka hadi akaharibu nakala. Tunatenganishwa na ukuta wa mbao, na kila nikisemacho kinamfikia. Ni rafiki yangu wa miaka mingi, ingawa mimi nasali msikitini na yeye kwenye hekalu la kule mtoni. Ana miaka thelathini na minne na hajaolewa, maana siku aliyozaliwa sayari ya Mirihi ilikaa vibaya. Wamekuja wachumba kumi hivi. Wanakunywa chai, wanakula ndizi za kukaanga, wanaomba karatasi ya nyota zake, basi, hawarudi.

Juni 15

Mvua. Feni tatu. Mjusi mmoja, kakauka ndani ya sanduku la umeme.

Juni 21

Habari za leo zinastahili wino. Prasanna kaja na chai, kakaa kwenye kiti changu bila kuulizwa.

"Dada Ramlath, jana walikuja watu."

"Wakala ndizi?"

"Wakala. Halafu mwanamume akaomba kuniona tukiwa wawili, tukasimama kule kisimani. Akaniuliza kama naogopa mtu anayerudi nyumbani akiwa amelowa kila siku."

Kumbe ni Sajeevan, fundi wa nguzo wa shirika la umeme, yule mrefu tunayempigia simu kila taa zikizimika. Nyota zake nazo zina Mirihi iliyokaa vibaya vilevile, kwa hiyo mabaya mawili yanafutana na hesabu inatoka safi. Nilimuuliza alijibu nini. Akasema alimwambia haogopi kufua. Sijawahi kumwona Prasanna na sura ile. Nilifurahi kama ni mimi ninayeposwa.

Juni 30

Wametaja mwezi wa harusi: Chingam, mwezi wa Onam, maana kabla yake kuna Karkidakam, mwezi wa mvua kubwa, na Karkidakam hakuna mtu anayeoa. Prasanna anaimba akitoa fotokopi. Anaimba vibaya sana.

Julai 6

Radi imepiga asubuhi kabla sijafungua duka, kubwa, madirisha yakatetemeka. Mtaa mzima ukachomoa nyaya kama kawaida yetu. Umeme ulirudi karibu na adhuhuri.

Mama yake Sajeevan, Kalyani, alishinda dukani kwangu tangu nilipofungua, akisubiri mvua ipungue. Simu yake ililowa juzi, naye akaizika kwenye gudulia la mchele kama alivyoambiwa na jirani, punje ikaingia kwenye tundu la chaji. Niliitoa kwa sindano. Ni mwanamke mwembamba wa maneno machache. Mumewe naye alikuwa fundi wa nguzo. Alianguka kazini, na shirika likampa mtoto kazi ya baba, kama desturi yao ilivyo. Kwa hiyo mama huyu anakula mshahara wa nguzo ileile iliyomuua mumewe, na kila radi ikipiga anashika kifua.

"Naenda kwa Panikkar, mnajimu," aliniambia. "Nyota zinapatana, sawa. Lakini nataka kuuliza swali lenyewe: mwanangu atakuwa salama na mke huyu?"

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa alipofungua mwavuli. Nilimwona akikata kona kwenye nyumba ya Panikkar.

Julai 8

Panikkar mnajimu amepiga simu: radi ya juzi imechoma ruta yake. Nimekwenda, nimefunga nyingine, intaneti ikarudi, kila kitu kikakaa sawa. Mkewe, Thankam, alinipa chai nzito.

Simpendi sana Panikkar. Baba yake alikuwa akihesabu nyota kwa kauri, vidole na kitabu, watu wakitoka Palghat kuja kumwona. Huyu kanunua programu. Mtu akiuliza swali, anabonyeza kitufe, kompyuta inachukua saa ya dakika ile, inachora mahali nyota zilipo, printa inatoa karatasi. Mimi siamini nyota, lakini hata kwa jambo nisiloliamini napenda kuona mtu akitoka jasho.

Julai 10

Harusi imevunjika.

Nilikuwa nimeinama ndani ya kompyuta ya benki ya ushirika niliposikia sauti ya Kalyani upande wa pili wa mbao.

"Nifunikie hii kwa plastiki, binti. Na unitolee nakala nne, za ndugu."

Halafu nikasikia mashine ya plastiki ikipata moto, ule mlio wake. Nilitoka nje nikachungulia. Prasanna alikuwa anaingiza karatasi kwenye mashine taratibu, akiishika pembe zote mbili ili isijikunje. Alikuwa ameshaisoma. Ilikuwa majibu ya Panikkar: mwanamume akimwoa mwanamke huyu, ataanguka kutoka mahali pa juu kabla mwaka haujaisha.

Kalyani hakumdharau, hilo naliandika kwa haki. Alikuwa analia. "Sina chuki nawe," alimwambia. "Nimeshamzika mmoja."

"Najua, mama," Prasanna akasema. "Subiri ipoe kidogo, bado laini."

Akampa. Nakala ya kwanza ilitoka na mstari mweusi, akaitupa pembeni, akatoa nyingine. Kalyani alipoondoka nilimwambia Prasanna afunge duka. Akasema ana vyeti vya wanafunzi, wanavihitaji leo. Nilirudi ndani nikapiga meza kwa bisibisi. Nilitaka kwenda kumtoa Panikkar nje kwa sikio.

Julai 11

Sajeevan amekuja mara mbili kusimama mbele ya duka la fotokopi. Amesema hajali. Prasanna kamwambia: "Mimi najali. Utapanda nguzo kila siku na mama yako atakuwa nyumbani akinitazama. Ukikwaruzika kidole tu, ni mimi." Kuna msichana wa Cherpulassery ambaye ndugu zake Sajeevan wameanza kumtaja awe mke wake. Watakwenda kumwona Chingam ikianza.

Julai 13

Ya leo nitayaandika hatua kwa hatua.

Mimi nikifungua kompyuta huweka skrubu juu ya karatasi chakavu zisipotee. Prasanna ndiye hunipa nakala zake zilizoharibika. Leo niliziweka, nikaanza kazi, nilipokwenda kuchukua skrubu ya mwisho nikaona iko juu ya neno "swali". Ni ile nakala ya mstari mweusi. Nikaipangusa. Juu kabisa, kwa herufi ndogo, kompyuta ilikuwa imeandika siku na saa ya swali. Siku ilikuwa sahihi, Julai 6. Saa ilikuwa saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Asubuhi! Kalyani alitoka dukani kwangu na adhana ya adhuhuri.

Sikuhitaji kufikiri zaidi. Kila kompyuta ina betri ndogo bapa, kama kitufe cha koti, ambayo kazi yake ni kuikumbusha saa wakati nyaya zimechomolewa. Betri ikichoka, saa nayo inalala, na umeme ukirudi inaendelea pale ilipolalia. Intaneti ikiwepo, kompyuta inauliza saa huko nje na kujisahihisha, hakuna anayejua. Na siku ile ruta ilikuwa imeungua.

Nilifunga duka na kompyuta ya watu wazi mezani. Sijawahi kufanya hivyo.

Thankam alinifungulia. "Dada Thankam," nikasema, "hii kompyuta ikiwashwa asubuhi, huwa inasema chochote?"

"Inauliza kitu kwa Kiingereza. Tangu kabla ya mvua."

"Na nyinyi mnajibu nini?"

"Nabonyeza kitufe, inaondoka." Akanitazama. "Si ndiyo kazi ya kitufe?"

Panikkar alitoka chumba cha ndani akiwa na kitambaa begani. Nilimwomba azime, achomoe waya, na tunywe chai. Tukanywa. Nikachomeka tena, nikachomoa na waya wa ruta isije ikasaidia. Kompyuta ikauliza swali lake, nikabonyeza kama Thankam. Kisha nikamwonyesha saa ya ukutani na saa ya kwenye kioo. Zilipishana kwa chai nzima.

"Na Julai 6?" nikasema. "Radi ilipopiga?"

Thankam ndiye aliyejibu. "Nilichomoa. Kalyani alipofika ndiyo nikachomeka."

Nikamwekea mumewe ile nakala mbele. Panikkar aliisoma pale juu, muda mrefu kuliko maneno yalivyo. Halafu akasema bila kuinua macho: "Nani mwingine kaiona hii?"

"Prasanna aliifunika kwa plastiki."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kubadilisha betri. Kucheka naweza kufanya nikiwa dukani."

"Miaka yote hii watu wananiamini, Ramlath. Nikitoka kwenda kumwambia mama mmoja kwamba nimekosea, kesho watakuja mia kuuliza na wao walikosewa nini. Baba yangu hakuwahi kurudi kwa mtu na jibu la pili."

"Baba yako hakuwa na kitufe."

Hapo alikasirika. Aliniambia nitoke. Nilibadilisha betri kwanza, nikaweka saa sawa, nikafunga kifuniko, nikaiweka ile mbovu mezani kwake, ndipo nikatoka. Kazi niliyoianza naimaliza.

Sijamwambia Prasanna. Nimweleze nini? Kwamba jibu lilikuwa si sahihi? Je, lililo sahihi likiwa baya zaidi? Hilo ndilo linaloniuma usiku wa leo. Najua kutengeneza saa. Nyota sijui.

Julai 17

Karkidakam imeanza. Majirani wa Prasanna wanasoma Ramayana, utenzi wao mtakatifu, kila jioni na kunywa uji wa dawa. Mtu wa ushirika amekuja kuchukua kompyuta yake na kulalamika kuhusu siku niliyofunga.

Julai 19

Kwa Panikkar kumewekwa kibao: hapokei watu. Huko sokoni wanasema mgonjwa. Mimi nasema mwoga.

Julai 22

Mvua, mvua, mvua. Printa ya polisi.

Julai 26

Nafuta neno nililoandika tarehe kumi na tisa. Silifuti kwa kalamu, libaki nilione.

Panikkar alikuja dukani mchana, amelowa hadi kiunoni, mwavuli kaubana kwapani ili ufunike mfuko aliokuwa nao. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Funga duka," akasema. "Tunakwenda kwa Kalyani."

"Tunakwenda na nani?"

"Wewe ndiye unayejua habari za betri. Mimi nitasema zangu."

Ndani ya mfuko kulikuwa na kitabu cha baba yake na kauri zake. Alinieleza njiani, akipiga kelele kushinda mvua, kwamba alikuwa amesahau. Kuhesabu kwa mkono alikuwa amesahau kabisa, kakaa siku zote hizo na kitabu kama mtoto wa darasa la kwanza, akikosea, akirudia, kwa sababu safari hii hakutaka mashine imwambie chochote.

"Na umepata nini?"

"Sikwambii."

"Kaka Panikkar, nimefunga duka."

"Mwenye swali ndiye wa kwanza kusikia. Hata uwe umefunga benki."

Basi nikatembea nyuma yake. Kama jibu ni baya, nilikuwa nakwenda kulipigilia misumari mara ya pili.

Kalyani alikuwa jikoni, na Sajeevan alikuwa mlangoni anavua buti. Ile karatasi ya plastiki ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na picha ya marehemu. Panikkar hakukubali kukaa. Alisimama akichuruzika maji sakafuni.

"Mama Kalyani, siku ile nilijibu swali la mtu ambaye hakuwepo. Saa ile iliyoandikwa pale, wewe hukuwa umefika kwangu. Kompyuta yangu ilikuwa imelala, nami nilikuwa nimelala zaidi yake. Jibu lile si lako."

Kalyani alinigeukia mimi. Nikamweleza habari za betri. Nikamkumbusha adhana, mwavuli, punje ya mchele. Aliitikia kwa kichwa kila hatua. Kisha akamuuliza Panikkar, kwa sauti ndogo: "Na langu ni lipi?"

Panikkar alikaa chini kwenye sakafu, akatandaza kauri, akaanza mwanzo mbele yetu kwa saa ile ya adhana, kidole kwa kidole, bila kuruka hatua hata moja. Ilichukua muda. Sajeevan alikuwa amesahau buti moja mguuni.

"Umeuliza ukiwa na hofu ya mahali pa juu," Panikkar akasema mwishoni. "Hofu ipo, inaonekana. Lakini imekaa nyuma yako, haiko mbele ya mwanao. Hiyo ni ya mume wako, na imeshapita. Kwa kijana na mwanamke huyu sioni kuanguka."

Kalyani alijifunika uso kwa ncha ya sari yake. Mimi, nisiyeamini nyota, nililia kama mtu aliyekata kitunguu, na sijali nani atasoma.

Tukirudi nilimuuliza: "Kweli ndivyo ilivyotoka? Hukuisaidia kidogo?"

Alisimama katikati ya maji. "Mimi nimekuuliza kama betri uliyoniwekea ni mpya?"

Tangu hapo sijamuuliza tena.

Julai 28

Kibao kimetolewa. Waliokuja kwa Panikkar leo ni wengi kuliko wa Juni. Wanataka kuhesabiwa kwa mkono. Thankam anasema mumewe mgongo unamuuma.

Agosti 2

Kalyani amekuja duka la fotokopi. Nilizima feni nisikie vizuri, nikachungulia kutoka mlangoni.

Alitoa ile karatasi, akaishika kwa mikono miwili akataka kuichana mbele ya Prasanna. Haikuchanika. Akaipinda, akaivuta, akatia na meno.

"Haichaniki, mama," Prasanna akamwambia. "Niliifunika mwenyewe. Nilitumia plastiki nzito."

"Kwa nini nzito?"

"Ulisema ni ya ndugu. Nikaona itashikwashikwa."

Kalyani akaanza kucheka, halafu akawa analia, halafu sikuweza kutofautisha. Prasanna akaichukua, akaiweka chini ya kisu kikubwa cha kukatia karatasi, akamwonyesha mpini. "Shika hapa. Bonyeza kwa nguvu." Nikasikia ikikatika, mara nyingi. Waliikata hadi ikawa vipande vya ukubwa wa tiketi ya basi.

"Nikuite nini sasa?" Prasanna akauliza.

"Uliniita mama hata siku ile," Kalyani akasema. "Mimi ndiye niliyekosa kukuitikia."

Agosti 17

Chingam. Jua limetoka, na biashara imelala. Safi sana.

Agosti 30

Leo wameoana, kwenye ukumbi wa karibu na hekalu. Panikkar ndiye aliyechagua saa, dirisha dogo tu la dakika njema kabla ya adhuhuri. Ukumbi ulijaa, ngoma na tarumbeta zikasimama tayari, Sajeevan kashika uzi wa dhahabu anaofungwa bibi harusi shingoni, Prasanna kainamisha shingo, na pale pale umeme ukakatika. Feni zikasimama. Watu mia tatu wakamgeukia bwana harusi.

"Leo si zamu yangu," akasema.

Waliangua kicheko, lakini saa kubwa ya umeme pale ukutani nayo ilikuwa imezimika, na wazee wakaanza kunong'ona kama dirisha limefunguka au limeshafungwa. Panikkar alikuwa amesimama mbele, kifua wazi, majivu kwenye paji la uso. Alikuwa na saa yake mkononi, na ndugu zake wote walikuwa na zao. Hakuangalia hata moja. Aliinua kichwa akapekua safu za wageni, akapita akina mama wa sari za krimu, akanifikia mimi na mtandio wangu kule nyuma, akasubiri.

Niliangalia simu, nikaangalia na saa ya mkono kuhakikisha. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Funga," akamwambia Sajeevan, na ngoma zikalia.